KAFIRI SI JIWE LA KUMRUSHIA JIRANI: ASILI YA NENO NA UZITO WA HUKUMU YAKE

Bismillahir Rahmanir Rahiim.


Ndugu zangu katika imani, mlio Ngara, mlio Biharamulo, na popote mnaponisomea. Somo la leo ni refu. Mwenye haraka aliweke, alisome baada ya Isha. Asilisome nusu kisha akaja kunijibu nusu.

Sababu ya somo ni hii. Wiki mbili zilizopita alifariki jirani yangu, mzee wa Kikristo tuliyeishi naye ua kwa ua zaidi ya miaka ishirini. Nilikwenda msibani. Nikakaa na wafiwa, nikatoa rambirambi, nikasaidia kuchota maji. Walipoanza ibada yao nikasogea pembeni chini ya mwembe mpaka wakamaliza. Kijana mmoja akanipiga picha. Jioni picha ile ikazunguka kwenye makundi ya simu, na chini yake pameandikwa: "Imamu kafiri kamzika kafiri mwenzake." Tangu siku hiyo vijana wanne hawasali nyuma yangu. Wanasubiri barazani tutoe salamu, kisha wanasimamisha jamaa yao.

Nikisema sikuumia nitakuwa mwongo. Lakini siandiki kwa ajili ya maumivu yangu. Naandika kwa sababu neno lile limerushwa na mtu asiyejua limetoka wapi, lina maana gani, na likishatoka mdomoni linakwenda kutua wapi. Tuanze.

1. NENO LENYEWE

Kafiri limetokana na herufi tatu za Kiarabu: kaf, fa, ra. Maana yake ya asili ni kufunika. Waarabu waliuita usiku "kafir" kwa sababu unafunika vitu kwa giza lake. Na mkulima pia waliita hivyo, kwa sababu anaifunika mbegu kwa udongo. Usinibishie, fungua Suratul Hadid, aya ya 20. Allah anapiga mfano wa dunia kwa mvua inayootesha mimea ikawafurahisha "kuffar", na wafasiri wengi wamesema hao ni wakulima. Basi kwa maana hiyo ya lugha, mama wa Kihangaza anayefukia maharage yake wakati wa mvua naye ni "kafira", na hana dhambi yoyote. Anatafuta riziki.

Kutoka hapo neno likapanda. Aliyepewa neema akaifunika, asiishukuru, akaitwa kafiri wa neema. Tazama Ibrahim, aya ya 7: kufuru imewekwa mkabala na shukrani. Tazama Shu'araa, aya ya 19: Firauni anamwambia Nabii Musa (a.s.) kwamba yeye ni miongoni mwa "kafirin". Alimaanisha nini? Kwa kauli ya wafasiri wengi alimaanisha: tumekulea nyumbani kwetu, nawe umekosa shukrani. Ndugu yangu, hebu tulia hapo. Firauni, taghuti mkubwa, alimpachika Mtume wa Allah neno hili hili. Kwa hiyo kulitamka tu hakukufanyi uwe upande wa haki. Hata Firauni alilitamka.

Kisha tazama Baqara, aya ya 256. Hapo Allah anamsifu anayemkufuru taghuti na kumwamini Allah. Yaani kuna kufuru ya kusifiwa, ambayo ni kuikataa batili.

Halafu ndipo tunafika kwenye istilahi ya sheria: kafiri ni yule aliyefikiwa na haki akaifunika, kwa kuikanusha, au kwa kibri, au kwa kuipa mgongo. Wa kwanza kuelezwa hivyo katika msahafu kwa mpangilio wa kisa ni Iblisi, Baqara aya ya 34. Je, Iblisi hakujua kwamba Allah yupo? Alijua. Alizungumza Naye. Kilichomwangusha ni kibri, kwamba mimi ni bora kuliko huyu. Sasa wewe unayekaa na simu unawapanga watu, huyu wa peponi, huyu wa motoni, jiulize ni ugonjwa wa nani unaouguza.

Na kuna jambo moja wengi hawalijui. Kitendo cha kumwita mtu kafiri kinaitwa "takfir". Na kitendo cha Allah kumfutia mja makosa yake nacho kinatokana na kitenzi hicho hicho, "kaffara", yaani kufunika. Ndiyo maana katika Kiswahili tuna kafara: kafara ya yamini, kulisha maskini kumi, Maida aya ya 89. Katika mwisho wa Aal Imran, aya ya 193, wenye akili wanamwomba Allah kwa neno hilo awafunikie maovu yao. Dua hiyo unaisoma usiku. Usiku unaomba ufunikwe, mchana unatoka kuwafunua wenzako. Huoni haya?

2. NENO LILIPOPANDA JAHAZI

Hili ni la historia, na linatuhusu sisi wa bara kuliko watu wote.

Waarabu na watu wa pwani waliokuwa wakifanya biashara katika Bahari ya Hindi waliwaita wenyeji wa bara, wasiokuwa Waislamu, makafiri. Wareno walipofika pwani yetu karne ya 15 na ya 16 wakalisikia, wakaliandika "cafre". Wadachi na Waingereza wakalichukua, wakalipeleka kusini mwa Afrika. Huko likaacha kabisa kuwa neno la dini. Likawa jina la mtu mweusi, hata akiwa mchungaji wa kanisa. Vita vya Waingereza na Makaburu dhidi ya Waxhosa, kati ya 1779 na 1879, viliandikwa vitabuni kwa jina hilo. Wakati wa ubaguzi wa rangi lilikuwa tusi la kila siku. Na mwaka 2018 mwanamke mmoja Mzungu alihukumiwa kifungo Afrika Kusini kwa kuwatukana askari polisi weusi kwa neno hilo hilo.

Umeona safari? Neno lililotoka kwenye hukumu ya itikadi likaishia kuwa jina la rangi ya ngozi. Na njiani, kati ya hapo na pale, lilitumika kuhalalisha minyororo. Misafara ilipokuja bara, mtu aliyeitwa kafiri na mshenzi alikuwa rahisi kufungwa na kuuzwa. Wangapi katika babu za babu zetu walipotea hivyo? Leo mjukuu wao, aliyesilimu yeye au baba yake, analiokota neno lile lile na kumtupia mjomba wake.

Simaanishi kwamba Uislamu ndio uliofanya hayo. Watu walilitoa neno mahali pake, wakalitumia kwa haja zao. Ndicho unachokifanya na wewe, kwa kiwango cha kijiji.

3. SISI WA MPAKANI TUNALIJUA HILI

Wewe uliyezaliwa juzi hukuona. Mimi nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Mwishoni mwa Aprili 1994, kwa hesabu ya UNHCR, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara ndani ya saa 24. Benaco ikawa mji wa maturubai. Mto Kagera ukashusha maiti mpaka Ziwa Victoria, na watu wakaacha kula samaki.

Mauaji yale hayakuanza na panga. Yalianza na neno. Neno lenyewe ni "inyenzi". Sisi tunaosikia Kihangaza, Kirundi na Kinyarwanda tunajua: ni mende. Asili yake ilikuwa jina la wapiganaji wa Kitutsi waliokuwa uhamishoni, ambao miaka ya 1960 walishambulia Rwanda wakitokea nchi jirani, wakija usiku na kutoweka. Wapo wanaosema baadhi ya wapiganaji wenyewe walilibeba kama jina la sifa. Vyovyote iwavyo, mwanzoni lilimhusu mtu mwenye silaha. Kisha likapanuliwa. Gazeti la Kangura na redio ya RTLM, iliyoanza kurusha matangazo mwaka 1993, vikalirudia na kulirudia mpaka likamfunika kila Mtutsi: mkulima, bibi kizee, mtoto mgongoni mwa mama yake. Na mende hahukumiwi. Mende anakanyagwa.

Tarehe 3 Desemba 2003, hapa hapa Tanzania, mahakama ya kimataifa iliyokuwa Arusha iliwatia hatiani watu watatu wa redio ile na gazeti lile. Mmoja wao, mhariri wa Kangura, anaitwa Hassan. Hassan Ngeze. Jina la mjukuu wa Mtume (s.a.w.). Nalitaja ili tusijidanganye kwamba ulimi wa Muislamu una kinga.

Na kwa haki nitaje upande wa pili. Waislamu wengi wa Rwanda, pale Nyamirambo na kwingineko, walikataa. Waliwaficha majirani zao, Waislamu na wasiokuwa Waislamu, majumbani na misikitini. Baada ya vita Wanyarwanda wengi wakasilimu kwa kuiona tabia ile. Hawakuwaingiza watu katika Uislamu kwa kuwaita makafiri. Waliwaingiza kwa kuwafungulia mlango usiku.

4. MNAYOYATOA KUWA NI HOJA

Hoja ya kwanza: "Sheikh, neno liko ndani ya Qur'an. Allah kasema Qul yaa ayyuhal kaafiruun. Unaionea aibu Qur'an?"

Jibu: Allah anilinde. Neno la Qur'an halionewi aibu, na hukumu yake ipo. Mwenye kumkanusha Mtume Muhammad (s.a.w.) baada ya kufikiwa na ujumbe wake si Muislamu, na hilo silifichi kwa kumfurahisha mtu. Dini zote si sawa kwangu, na jirani yangu marehemu alilijua hilo, tulizungumza mara nyingi. Lakini soma sura hiyo mpaka mwisho. Iliteremka kwa vigogo wa Makka waliotaka wabadilishane ibada na Mtume, mwaka kwa mwaka. Sura ikafunga mlango huo, kisha ikamalizia kwa kila mmoja kubaki na dini yake. Haikumalizia kwa matusi. Na upekue msahafu wote: wito wa moja kwa moja wa "enyi makafiri" utaukuta hapo, na katika Tahrim aya ya 7, nao huo ni wa Siku ya Kiyama.

Sasa tazama Mitume walivyosema na watu wao ambao walikuwa makafiri kweli, waabudu masanamu. Nuh, Hud, Salih, Shuaib: "enyi watu wangu." Katika A'raf aya ya 65 Allah mwenyewe anamwita Hud "ndugu" wa kina Aad. Ibrahim (a.s.) alikuwa na baba anayeabudu sanamu, naye katika Suratu Maryam, aya ya 42 mpaka 45, anamwita "ewe baba yangu" mara nne mfululizo. Mara nne! Wewe mama yako Mkristo aliyekuzaa na kukusomesha kwa pesa ya ndizi na kahawa unamwita nani mbele ya wenzako?

Hoja ya pili: "Hukwenda kwenye maziko tu, umewapenda."

Jibu: Mumtahana aya ya 8 imeruhusu wema na uadilifu kwa wasiotupiga vita kwa ajili ya dini. Mtume (s.a.w.) alisimama lilipopita jeneza la Myahudi, akaambiwa ni Myahudi, akauliza kama hiyo si nafsi. Liko kwa Bukhari na Muslim. Alimtembelea mtoto wa Kiyahudi aliyekuwa akimtumikia, alipougua. Abu Talib alipokufa bila kusilimu, Mtume alimwagiza Ali (r.a.) akamzike baba yake. Mimi sikusali sala yao, sikuitikia ibada yao. Nilimzika jirani. Na wewe mkeo akishikwa uchungu usiku kule Ngara utamkimbiza wapi? Utamkimbiza Murgwanza, hospitali ya Kanisa Anglikana, na muuguzi hatakuuliza dini kabla ya kumpokea mtoto wako.

Hoja ya tatu, na hii ndiyo mnayoipenda: "Asiyemkufurisha kafiri, naye ni kafiri."

Jibu: Kanuni hiyo wanazuoni waliiweka kwa ukafiri ulio wazi kwa dalili ya mkato, ambao Umma wote umekubaliana juu yake, mfano mtu aseme Muhammad (s.a.w.) si Mtume. Nyinyi mmeifanya mnyororo. Fulani kasoma maulidi, kafiri. Imamu hajamkufurisha, kafiri. Maamuma kasali nyuma ya imamu, kafiri. Mnyororo huo ukiuacha usiku mmoja tu, asubuhi Biharamulo nzima hakuna Muislamu ila wewe na simu yako. Nayo ikiisha chaji umebaki peke yako.

5. HUKUMU HII INABEBA NINI

Wengi mnadhani kumwita Muislamu kafiri ni kumtukana tu, mkigombana mtapatana. La. Ni hukumu, na hukumu ina matokeo. Ukisema Muislamu fulani kakufuru, umesema ndoa yake imevunjika. Harithi wala harithiwi na ndugu zake Waislamu. Akifa haoshwi kwa taratibu zetu, hasaliwi, hazikwi makaburini petu. Ndiyo maana wanazuoni waliikabidhi kwa kadhi, baada ya kuhakikisha masharti na kuondoa vizuizi: je, alijua? Alikusudia? Hakulazimishwa, kama Ammar bin Yasir (r.a.) aliyeteremkiwa aya ya 106 ya Nahl? Hakuwa na tafsiri aliyodhani ni sahihi? Hata Ibn Taymiyya, mnayemtaja kila siku, alitenganisha kati ya kusema "kitendo hiki ni ukafiri" na kusema "mtu huyu ni kafiri". Alitoa ushahidi kwa hadithi ya mtu aliyewausia wanawe wamchome na kuutawanya majivu yake, akidhani Allah hatamrudisha. Kauli ile ni ukafiri. Allah akamfufua, akamuuliza, akamsamehe, kwa sababu alifanya vile kwa kumwogopa.

Mwaka jana nililetewa shauri Biharamulo. Mke kaondoka na watoto watatu, karudi kwao. Sababu? Kaka yake kasikiliza sauti ya dakika sita kwenye simu, kamwambia: mumeo kahudhuria maulidi, kashirikisha, ndoa yako imekufa, unazini. Mwanamke wa watu akaogopa Moto, akafunga mizigo. Tulikaa na wazee wa pande mbili zaidi ya miezi miwili mpaka akarudi. Mtoto mkubwa muhula ule hakusoma. Aliyerekodi sauti ile hajui. Yeye alishapata kupendwa kwake na kusambazwa kwake, akaendelea na mada nyingine.

Mnajua nani aliwatangulia katika njia hii? Makhawarij. Walikuwa wasomaji Qur'an, vipaji vyao vina alama za sijda. Wakamkufurisha Ali (r.a.) kwa kauli kwamba hukumu ni ya Allah pekee. Ali akajibu kwamba neno ni la haki ila limekusudiwa batili. Alipigana nao Nahrawan mwaka 38 Hijria, kwa sababu walimwaga damu. Lakini alipoulizwa kama ni makafiri, alikataa, akasema ukafiri ndio walioukimbia. Wao walimkufurisha, yeye hakuwakufurisha. Mwaka 40 mmoja wao, Ibn Muljam, akampiga upanga akienda kusali alfajiri, akidhani anamkaribia Allah.

Na Mtume (s.a.w.) ametuonya, kwa Bukhari na Muslim, kwamba anayemwita ndugu yake kafiri, neno hilo lazima litue kwa mmoja wao: kama mwenzake siye, linamrudia msemaji. Neno hili lina hatari kubwa. Ni mkuki wenye ncha mbili, na wewe unauchezea kwa kidole gumba.

6. NENO LA MWISHO

Nawaambia watatu.

Kwa kijana aliyepiga picha: nakujua, na jina lako silitaji hapa wala sitalitaja. Nimekufundisha alifu na bee wewe mwenyewe. Mimi sikukufurishi. Wewe ni mwanangu na ndugu yangu Muislamu. Njoo baada ya Alasiri na kitabu chako, tukae. Ukinishinda kwa dalili nitasimama Ijumaa na kusema nilikosea. Lakini usisimame barazani wakati jamaa imesimama ndani.

Kwa wenye kusambaza: sauti ikikufikia inamkufurisha mtu kwa jina, isimame kwako. Usiipeleke mbele "watu wajue". Waliokuwa na redio kule ng'ambo ya mto nao walisema wanataka watu wajue.

Kwa wazee wenzangu: tumewaacha vijana walelewe na simu kwa sababu darsa zetu zimekuwa fupi na hasira zetu zimekuwa ndefu. Tuanze na sisi.

Waswahili walisema kafiri akufaaye si Islamu asiyekufaa. Siifanyi methali kuwa aya. Lakini yule mzee niliyemzika, mvua ilipoezua bati la madrasa yetu, alikuja na nyundo kabla yangu. Hisabu yake iko kwa Mola wake. Yangu mimi ni kutomlipa wema kwa tusi, kwa sababu kuufunika wema wa mtu, kama tulivyosoma juu, ndiyo maana ya kwanza kabisa ya kufuru.

Ewe Mola, tufunikie makosa yetu, zilinde ndimi zetu na vidole vyetu, utuunganishe safu zetu, na utufishe tukiwa Waislamu. Aamiin.

Mwenye hoja aiweke hapa kwa adabu na dalili. Mwenye tusi alibaki nalo.

Wallahu a'alam.
Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.